Namna ya Kumlisha Mtoto wa Tabora Embe Bila Kumshtua

Kabla ya yote, bandika picha ya epo ukutani. Liwe jekundu, linang'aa, na chini yake andika TUNDA kwa herufi kubwa. Watoto wengi wa darasa la kwanza hapa Tabora hawajawahi kulitia mdomoni, na hapo ndipo penye faida: hawawezi kukubishia. Embe likianguka juu ya bati katikati ya kipindi na darasa zima likageukia dirishani, gonga meza. Waambie watulie, tunasoma matunda.

Endelea na vitamini. Wataandika, utawapa vema, na kengele ikilia watakimbilia getini kununua barafu za rangi. Somo limeeleweka.

Ila kama nia yako ni wale kweli, basi tazama mji wenyewe. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, haikuwa na afisa lishe hata mmoja. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora hii, mwaka 1857, na mwaka 1872 mpelelezi mwingine, Livingstone, alikaa Kwihara, jirani na hapa, miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Miembe mikongwe ya njia ile husimuliwa kuwa ni ya misafara: mingine ilipandwa, mingine, wazee wanasema, iliota kwenye kokwa zilizotupwa kambini. (Walipita humo pia watu waliofungwa minyororo. Hao hatuwatanii.) Mpagazi wa Kinyamwezi, kutwa nzima pembe ya ndovu begani, hakuhitaji bango la kumweleza faida za embe. Alikuwa na njaa, na mti ulikuwa njiani.

Kazi yako basi ni kumtafutia mtoto njaa na njia. Andika kibao: NI MARUFUKU KUPANDA MWEMBE HUU. Kipigilie chini, usawa wa macho ya darasa la pili, maana ndio kwanza wanajua kusoma na wana hamu ya kusoma chochote. Kisha ajiri mlinzi. Awe mzee, mkali wa mdomo, mzito wa miguu. Kijana mwenye mbio ataharibu lishe ya shule nzima. Embe bichi likija na chumvi na pilipili vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, usiulize ni ukurasa upi uliochanwa. Msimu ukikolea Novemba, mitihani nayo imekaribia, utawaona na nyuzi za embe menoni wakijibu swali la mlo kamili. Wengine watakosa.

Matunda ya pori hayahitaji hata kibao. Mtoto aliyetumwa kuni akichelewa, mwambie atoe ulimi: ukiwa mweusi, amepitia kwenye furu. Akirudi na tonga kwapani, mwonyeshe jiwe la kulipasulia, basi. Usiyasifie. Mtu mzima akilisifia tunda, mtoto huanza kulishuku.

Mboga ndizo zenye shughuli, kwa kuwa huwezi kuuwekea mchicha mlinzi. Mlenda usiutolee hotuba. Weka ugali wa moto, mwache achovye tonge, aliinue taratibu, ule utelezi urefuke kutoka bakulini hadi kidevuni. Mdogo wake atataka wake urefuke zaidi. Ukisema "acheni kuchezea chakula" umeharibu. Waache washindane mpaka bakuli liishe.

Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mwachie bibi. Yeye huziunga karanga zikaiva taratibu, nyumba nzima ikanukia, halafu husema kwa sauti, "Wajukuu zangu, hizi msiguse, ni za babu yenu, nyie mtakula maharage." Kisha huweka sufuria pale ambapo mkono wa mtoto wa miaka saba unafika, na kutoka nje. Mfuniko ukilia jikoni, babu ajifanye anatafuta miwani.