Shajara ya Tovuti, Nambis

Jumatatu
Ukungu umekaa hadi saa nne. Wakulima wamefika wakiwa wamejitanda shuka, wakapanga magunia mbele ya mizani. Mzee mmoja asiyeona, kutoka upande wa Tlawi, aliketi kwenye benchi akafungua tovuti ya kampuni yetu inayonunua mazao ili asikie bei ya vitunguu saumu. Simu yake ikatamka: "Picha. I, M, G," kisha mlolongo wa tarakimu. Bei huwekwa kwenye tovuti kama picha ya ubao wa ofisini, na kisoma skrini chake hakiyaoni maandishi yaliyo ndani ya picha. Mjukuu akamsomea bei. Akamsomea pia kilo zake, pesa anazodai na siku ya kulipwa, kwa sauti, mbele ya benchi zima. Haukupita muda, jirani wa pembeni akamwomba mkopo.

Jumanne
Nimeziandika bei kwa maandishi, katika jedwali lenye vichwa vya safu, ili sauti itaje "daraja la kwanza, kwa kilo" kabla ya namba. Bila vichwa, msikilizaji hupewa namba tupu, hajui ipi ni ya saumu na ipi ni ya maharage. Umeme ukakatika kabla kazi haijahifadhiwa, ukarudi jioni, nikaandika tena.
Mkulima wa Kainam amepiga simu usiku. Kwake mtandao hushika ukipanda kilimani, na anasema leo bei zimefunguka haraka kuliko siku zote. Maandishi ni mepesi kuliko picha, hayali bando. Yeye anaona vizuri kabisa.

Jumatano
"Shikamoo babu."
"Marahaba, mjukuu wangu. Simu sasa inasema, ila inasema Kizungu."
Alikuwa sahihi. Kiolezo cha tovuti tulikinunua kikiwa tayari, na mstari wake wa kwanza unatangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza. Kisoma skrini kilitii tangazo hilo, kikasoma Kiswahili chetu chote kwa matamshi ya Kiingereza, hata maharage yakawa kitu kisichojulikana sokoni. Nimefuta "en", nikaweka "sw". Hiyo ndiyo kazi yote. Sauti ya Kiswahili imeingia, na mzee amesikiliza orodha nzima bila kumwita mtu.
Imebaki shida ya majina ya mahali. Sauti hiyo haijui Kiiraqw, lugha ya huku, na ikifika "Tlawi" inakwama kwenye herufi mbili za mwanzo. Mzee anasema hapo hana haja ya kusaidiwa, kijiji chake anakijua.

Alhamisi
Siku ya gulio. Karani wetu wa mizani, dada mwenye ualbino, alikuwa na kofia pana na simu aliyoisogeza karibu na uso. Uoni hafifu na ualbino huenda pamoja, na jua la hapa juu ni kali hata kukiwa na baridi. Maandishi ya tovuti ni ya kijani cha jani changa juu ya weupe. Alijaribu kuyakuza kwa vidole viwili, ukurasa ukakataa, kwa kuwa kiolezo kimefunga ukuzaji. Akaniomba nimsomee uzito aliouingiza yeye mwenyewe.
Meneja aliipenda rangi ile. Nilimwomba atoke nje na simu yake, asome bei akiwa amesimama juani. Alisimama kitambo, akageuza simu huku na huku, akarudi ndani akasema nibadilishe.
Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, ambao shirika la W3C lilianza kuutoa mwaka 1999, unataka tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake, na maandishi yanayokuzwa hadi asilimia 200 bila kuvurugika. Sasa herufi ni kijani kizito kinachokaribia weusi, na ukuzaji umefunguliwa. Jioni madereva wawili wa malori wameuliza kama tumenunua tovuti mpya.

Ijumaa
Fomu ya kusajili wakulima ina kizuizi cha kuzuia roboti. Leo kilimtaka mama mmoja wa Nambis achague picha zote zenye taa za kuongozea magari. Mama huyo anaona vizuri na anasoma vizuri. Taa hizo hajawahi kuzikuta njiani kwake, akachagua picha zenye nguzo za umeme. Akakataliwa. Alipoanza tena, muda wa fomu ukaisha na majina yote ya familia yakafutika.
Kwa asiyeona, mlango huo ni kama umefungwa. Njia mbadala ya kusikiliza ipo, lakini inazungumza Kiingereza chenye kelele nyuma yake. Nimeondoa kizuizi, nimeweka namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na fomu sasa inahifadhi kila jibu likishaandikwa.

Jumamosi
Video ya kukausha saumu haikuwa na maandishi ya chini, na mkulima wetu kiziwi alikuwa akiitazama mikono tu. Maandishi yamewekwa, ila mfumo uliyachelewesha kwa sentensi nzima. Mikono ilipotandaza saumu kivulini, maandishi yalisema "kata majani". Akakata majani kabla ya kukausha. Nimekaa mchana kutwa kulinganisha kila sentensi na picha yake.
Hilo halitoshi. Kiziwi ambaye hakupata shule hasomi maandishi hayo, anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania. Nimeandika barua kwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kuomba mkalimani.

Jumapili
Baada ya misa meneja aliniuliza kwa upole kazi hii yote ni kwa ajili ya watu wangapi. Nilimjibu kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inaitaja mifumo ya habari na mawasiliano pamoja na majengo na usafiri. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kisha nikamkumbusha benchi la Jumatatu. Mzee yule analima, anavuna na anapima kama wengine. Hesabu ya pesa zake ni siri yake, na sisi ndio tuliomlazimisha aitoe hadharani. Meneja alitembea hatua kadhaa kimya, akauliza ukurasa wa malipo ukoje.

Jumatatu
Mzee ameupitia ukurasa huo mwenyewe, kisikizi kikiwa sikioni. Amesikia kilo zake, daraja lake na jumla yake. Benchi zima halikujua kitu. Alipofika mwisho simu ikasema, "Kitufe, hakina jina." Ndicho kitufe cha kuthibitisha kwamba pesa zitumwe. Sehemu hiyo si yetu, inaletwa na kampuni nyingine inayoshughulikia malipo. Akamwita mjukuu.
Nimewaandikia leo hii, nikawaeleza kwamba kinachotakiwa ni neno moja, "Thibitisha", ndani ya msimbo wa kitufe. Meneja ameongeza sharti kwenye mkataba ujao: hakuna mfumo utakaonunuliwa kabla mtu asiyeona hajautumia mwanzo hadi mwisho bila msaada, na alipwe kwa kazi hiyo ya kuujaribu. Mzee amekubali kuwa wa kwanza. Ameuliza atalipwa kwa siku au kwa kila kosa atakaloligundua, na meneja ameandika kwa kila kosa.