Sifa za Safari Isiyoondoka

Wapo wanaosifu bahari, wapo wanaosifu wake zao, na msimu wa kampeni wapo wanaolipwa kuwasifu watu wasiowajua hata kwa sura. Mimi naomba kusifu mpango. Nasema mpango wetu sisi watu wa baraza, hapa Ziwa la Ng'ombe, wa kushika barabara wiki nzima kwenda kuvua trauti kwenye mito saba ya bara na kurudi Mombasa salama. Mpango huu umeona wagombea wakishinda na kushindwa, umeona mafuta yakipanda bei, na watoto waliozaliwa ukiwapo sasa wanakwenda chuoni na juzuu mkononi. Wenyewe haujasogea hatua hata moja, na kwa hilo ninausifu.

Najua mtanitupia ile methali: mipango si matumizi. Watu huitaja kwa kejeli, utadhani matumizi ni jambo la kujivunia. Mpango haujamla mtu hata senti. Haujapasuka gurudumu Mackinnon usiku, haujasimamishwa njiani ukaulizwa kizima moto, haujamfanya mtu ampigie mkewe simu kuomba nauli ya kurudi. Zinazorudi na madeni ni safari zilizoondoka.

Kwa asiyemjua mhusika, trauti ni samaki wa maji baridi, safi, yaendayo kasi. Maji yakipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi huanza kutaabika, kwa hiyo huku kwetu hana maisha. Makao yake ni mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Hujibanza nyuma ya jiwe, kichwa kimeelekea maji yatokako, akingoja wadudu waletwe na mkondo. Akiona kivuli chako, amekwenda. Mvuvi wa Mkomani, ambaye nguru na jodari wako nje ya mwamba wake, akisikia kuna watu wanataka kusafiri kiasi cha kilomita 700 kumfuata samaki wa kujaa kiganjani, huuliza kwa upole kama watu hao wana ndugu wa kuwaangalia.

Lakini samaki huyu ana nasaba. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, ili mto Gura upate samaki. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Zama hizo mzigo wa Ulaya uendao Nyeri ulikuwa na mlango mmoja: bandari ya Mombasa, kisha reli. Barazani neno hilo tumeshalikata. Trauti alipita kwetu kwanza, akiwa yai, na hakushuka kutusalimu. Kwa hiyo sisi hatuendi kutalii, twaenda kudai salamu zetu.

Grogan huyo huyo, Machi 1907, aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Mikono iliyoshika kiboko ndiyo iliyotuletea samaki. Wala hakuletwa kuwalisha wenyeji, kwani Wakikuyu kwa jadi hawakuwa walaji wa samaki. Aliletwa ili mlowezi asimame mtoni Jumapili akajiona yuko kwao. Hata kituo cha kuzalishia trauti kilipoanzishwa Kiganjo mwaka 1948, aliyevua na aliyembebea kikapu hawakuwa wakibadilishana zamu. Sasa tazameni mpango wetu. Ndani yake yumo muuza mitumba wa Kongowea, fundi wa pikipiki, mwalimu wa chuo, baharia mstaafu, fundi cherehani na wakala wa M-Pesa. Hakuna mbeba kikapu. Kila mmoja ana fimbo yake ya kuvulia, ingawa fimbo zenyewe bado hazijanunuliwa. Onyesheni safari nyingine ya trauti iliyowahi kuwa na haki namna hiyo.

Mpango umeandikwa kwenye daftari lenye madoa ya mafuta ya viazi karai, na mhifadhi wake haliazimi. Siku ya kwanza ni ya barabara, na ndiyo iliyotumia kurasa nyingi kuliko zote, kwa sababu mjadala wa saa ya kuondoka haujaisha. Wako wanaotaka saa kumi alfajiri ili tuvuke daraja la Nyali kabla ya foleni na tuipite Changamwe malori yakiwa bado yamelala. Wako wanaosema malori hayalali. Baharia anataka tusimame Mtito Andei kwa chai, mwalimu anataka tuswali Voi, na wakala wa M-Pesa anataka kujua nani anashika pesa. Usiku tunalala Thika. Siku ya pili ni Chania, juu kabisa unakotokea msituni. Ya tatu ni Thiba. Ya nne ni Gura wenyewe, unaoporomoka kutoka Nyandarua kwa kelele. Ya tano ni Ragati na Sagana. Ya sita ni Naro Moru na Burguret, na huko kuna mgahawa uliojengwa kwenye matawi ya mti mkubwa, trauti wanafugwa chini na kupikwa juu. Daftari linasema: tukiwa hatujapata kitu siku zote hizo, tutakula hapo na kupiga picha vizuri. Siku ya saba ni ya kurudi, na imeandikiwa neno moja tu: inshallah.

Nani angetufundisha haya bila mpango? Zamani kwetu mto ulikuwa ni ule unaokata barabara na kulaza mabasi ya Lamu. Sasa wakala wa M-Pesa anaweza kukwambia, bila kutazama simu, kwamba Thiba na Nyamindi ndiyo inayonywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, na kwamba ile pishori anayodai iwekwe mezani harusini inaanza kwenye maji ya trauti. Anajua kwamba mito mitano ya kwanza yote huishia Tana, na kwamba Naro Moru na Burguret hukaidi, hugeuka kaskazini kuufuata Ewaso Ng'iro. Baharia aliposikia habari ya Tana alikaa kimya, akapiga funda la kahawa, kisha akasema, "Sasa mwahangaikia nini? Maji ya Gura yapita Masinga, yapita Kindaruma, yawapa umeme, halafu yaja yenyewe mpaka Kipini. Mie naona tuyangoje." Hoja hiyo ilituchukua mwezi mtukufu mzima na bado iko mezani. Itazamwe pia kwamba haya yanasemwa katika mtaa ambapo mfereji ukikauka tunamsubiri mwenye mkokoteni wa mitungi. Mwenye kununua maji kwa mtungi wa lita 20 akapanga mito saba, huyo hanyimwi heshima.

Na ufundi? Trauti havuliwi kwa chambo cha simu wala kamba. Wenyewe humvua kwa nzi wa bandia, na Kenya ni katika nchi zinazowafunga nzi hao na kuwauza Ulaya na Marekani. Fundi wetu cherehani aliamua kujifunza. Huibana ndoana ndogo kwenye koleo, huizungushia uzi mweusi, huuchukua unyoya wa shingo ya jogoo alioomba kwa muuza kuku na kuuviringisha taratibu hadi nywele zake zichanue pande zote, kisha hupiga fundo na kulidondoshea rangi ya kucha ya mkewe lisifunguke. Wa kwanza alimweka juu ya sinia ya kashata ili kila mtu amwone. Muuza kahawa akamtandika kwa kitambaa. Hatujapewa cheti kikubwa kuliko hicho. Nzi wa Kenya wamefika Marekani; wetu hawajafika Mtwapa, lakini wameshamdanganya binadamu, na trauti ana akili kiasi gani kumshinda muuza kahawa?

Wapinzani hawakosi. Mkali wao ni mama karanga wa pale kona, ambaye siku moja alisikiliza mjadala mzima huku akigeuza samaki wake kwenye karai.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyo samaki mkishamvua?"

"Mama, wengi wakimvua humwachia."

"Humwachia wapi?"

"Mtoni."

Akageuza tafi mwingine. "Na mafuta ya gari?"

"Hayo hayarudi, mama."

"Basi kaeni papo hapo muongee. Mwafanya vyema."

Alidhani ametukata. Sisi tuliyachukua maneno yake tukayaingiza daftarini, ukurasa wa mbele, kama wengine wanavyoweka picha ya rais ukutani.

Wengine hutuuliza kwa nini basi tusipange tarehe tukamaliza. Hawaijui hekima ya pepo. Kusi ikivuma bahari huchafuka, biashara hulala, na kila mtu ana nafasi. Ndipo mpango hupamba moto. Lakini kusi haina pesa, na katikati yake kuna Julai, ambapo baridi ya Nyeri humfanya mtu wa Kisauni atoe wosia. Kaskazi ikiingia bahari hutulia, wageni huja, pesa hupatikana. Basi kaskazi haina nafasi. Katikati ya pepo hizo ziko mvua, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, ambapo mito ya bara hugeuka rangi ya chai ya maziwa na trauti haoni nzi wa jogoo wala wa kweli. Ukizitoa siku zote hizo katika mwaka, zinazobaki ni zile ambazo mwalimu wa chuo ana mtihani. Mungu akitaka kitu kidumu hukizungushia sababu.

Mpango umewahi kuponea chupuchupu mara kadhaa. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017, kijana mmoja alisema sasa hakuna udhuru, tupande tushukie Nairobi. Tulipata taabu. Aliyetuokoa ni baharia, aliyekumbusha kwamba safari imeandikwa "kwa barabara" na kwamba daftari halifutwi. Lakini hatari kubwa ilikuja majuzi. Shemeji yake fundi wa pikipiki alipita barazani akasema ana Probox imelala nyumbani wiki nzima, tangi limejaa, na hadai kitu. Ufunguo akauweka juu ya daftari.

Watu waliangalia chini. Muuza mitumba akakumbuka bela ambalo hajalifungua. Wakala akatazama simu iliyokuwa imezima. Nikaona mpango wetu, uliolea watoto na kusuluhisha wagomvi, unaelekea kufa kifo cha kutimia. Ndipo mwalimu wa chuo akakohoa. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuudhi, kama kamati imezingatia mito ya Kericho. Kiptiget una trauti. Je, ni haki kwenda Nyeri na Nanyuki, kisha Kericho ikose? Watu wa Kericho watatuonaje? Na mito minane inaingiaje katika siku saba?

Baraza likapumua. Hoja ilikuwa nzito na ilihitaji ramani mpya. Tulimshukuru shemeji, tukamnunulia kahawa, tukamrudishia ufunguo wake kwa mikono miwili. Kamati inakutana Jumamosi baada ya Isha kujadili Kericho, na wote mnakaribishwa, isipokuwa mwenye gari.