Kuna Mtu Anakuja Kulipia Jioni

Dalali wa Dar es Salaam hana nyumba mbaya. Ana nyumba zilizopo na nyumba zinazokaribia kuchukuliwa, basi. Kwa Sensa ya 2022 mkoa huu una watu 5,383,728, na kwa maelezo ya dalali wetu, nusu yao walikuwa njiani kuja kulipia kila nyumba tuliyosita mlangoni. "Kaka, mimi sikulazimishi," alikuwa akisema, simu ameibana begani, "ila kuna mtu anakuja kulipia jioni."

Tulikuwa tunahama kutoka Iringa, mji ambao mtu unatoka kazini saa saba, unakula ugali kwako, unajinyoosha kidogo, na saa nane umesharudi ofisini. Kazi ndiyo iliyotuhamisha, na kila mmoja alikuja na masharti yake. Mke wangu alitaka maji ya bomba na fensi. Mama mkwe alitaka zahanati iliyo karibu na nyumba isiyo na ngazi. Watoto wakubwa walitaka pa kuchezea mpira. Mdogo, aliyekuwa amesikia kwamba Dar kuna bahari, alitaka aione dirishani. Mimi nilitaka kodi nafuu, ila sikulisema hilo kwa sauti. Dalali alitusikiliza wote kwa adabu, hakuandika hata neno moja, akasema: "Ipo."

Kwa wasioujua utaratibu, kuchagua mtaa Dar hakuna cha kuonja kwanza. Dalali unampa hela ya kutembezwa, nyumba uipende usiipende. Ukiipenda, anachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Ukigundua usiku wa kwanza kwamba jirani anachomelea mageti chini ya dirisha lako, umeshamnunua pamoja na mashine yake hadi mwezi wa sita.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi kwa bei ile. Vyumba vitatu, masta moja, jiko la ndani, na hatua chache tu kufika kituo cha mwendokasi. Kuta zote zilikuwa na rangi mbili: juu krimu, chini kahawia ya mafuta iliyoishia kiunoni kwangu. "Nakshi ya kisasa hiyo," dalali alituambia. Kila mlango wa nje ulikuwa na kijiukuta cha saruji kimo cha goti, ambacho watoto walikipenda mara moja wakawa wanakiruka huku na huku. "Cha kuzuia panya," dalali akasema. Mama mkwe, aliyekwishakwaruza ugoko kwenye hicho cha panya, hakusema kitu. Aliufunga mlango wa sebule akachungulia nyuma yake, mahali ambapo brashi ya fundi haikufika. Pale ukutani palikuwa na mstari wa tope mkavu, umenyooka, sawasawa na ile nakshi.

"Mwanangu," aliniambia bila kugeuka, "hawa panya wanakuja kwa kuogelea?"

Tulikuwa bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba watu wa mabonde haya vibaya mno, serikali ikawahamishia wengi Mabwepande, na bado hayakuwa ya mwisho. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale Jangwani ilikuja kuingiwa na maji. Kama basi lenye injini na dereva halikuweza kukimbia, sofa langu la kutoka Iringa lingefanyaje? Dalali alikiri kwamba maji huwa "yanapita", ila hayakai. Akatukumbusha kwamba kuna mtu anakuja kulipia jioni. Tukamwombea huyo mtu.

Sinza alitupeleka Jumamosi, saa nne asubuhi. Mtaa ulikuwa kimya mpaka mke wangu akaanza kupanga kabati litakaa wapi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na uwanja umefagiliwa vizuri, viti vya plastiki vimepangwa kwa kubebeshana, na jukwaa dogo pembeni. Nikauliza ni nini pale. "Pa mikutano," dalali akajibu, na sikatai kwamba watu hukutana. Bahati yetu mama mkwe alisahau mwavuli wake ndani ya ile nyumba, nami nikaufuata Jumamosi hiyo hiyo saa nne usiku. Nilipotokeza kwenye kona, maspika yalikuwa yamesimamishwa mawili mawili, choma ya mbuzi inafuka, na nondo za dirisha la chumba tulichowatengea watoto zinatetemeka kwa kufuata muziki. Mlinzi alinipa mwavuli kwa ishara za mikono. Niseme ukweli, nisingekuwa na watoto, nyumba ile ningeichukua usiku ule ule.

Baada ya hapo mke wangu alisema anataka utulivu na hewa. Dalali akasema: "Ipo." Akatupeleka Madale.

Hewa ilikuwepo, siwezi kumsingizia. Fensi ilikuwepo, geti lilikuwepo, hata mti wa mwembe ulikuwepo. Majirani ndio waliokuwa hawajafika. Kushoto palikuwa na pagale lililoishia kwenye madirisha, kulia lingine lenye kenchi bila bati, na ndani ya lile la kulia mbuzi watatu walikuwa wameshahamia, nadhani bila dalali. Kutoka barabara ya lami alituambia ni dakika tano, naye hakusema uongo: yeye alikuwa amepanda bodaboda. Sisi tulitembea na mama mkwe, na mchanga wa njia ile nusu yake tulirudi nao ndani ya viatu.

Hata hivyo tulikuwa karibu kukubali, maana watoto walikuwa wameshaupanda mwembe. Tulichofanya ni kulala kwa ndugu wa mke wangu anayekaa maeneo hayo hayo, tuone usiku wake ulivyo. Usiku haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuja saa kumi na nusu alfajiri, kwa honi. Nilitoka sebuleni nikamkuta mtoto wa mwenyeji wetu, wa darasa la pili, amekaa kwenye kochi amevaa sare kamili, macho yamefumba. Dada wa kazi alikuwa anamvisha soksi. Alimaliza mguu wa kushoto, akauweka chini, akauinua wa kulia, na mwenye miguu hakushtuka. Akabebwa mpaka kwenye basi la shule, chupa ya uji ikafuata. Ndani ya basi watoto wenzake walikuwa wamelala vilevile, vichwa vimeegemea vioo. Jioni, giza limeshaingia, basi lilimrudisha amelala tena.

"Mtoto wangu mpole sana," baba yake alinieleza wakati wa chai. Nilimwamini. Siku za shule hawajawahi kuonana.

Mwanangu mkubwa aliiangalia ile soksi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuliangalia daftari lake la hesabu. Madale ikaishia pale. Kigamboni hatukufika kabisa, kwa sababu mama mkwe aliuliza kama pantoni linaelea juu ya maji, nami nikasema ndiyo. Nilipomweleza kwamba tangu 2016 kuna daraja, aliuliza na daraja liko juu ya nini.

Temeke hatukuletwa na dalali. Tulielekezwa na mama muuza chapati kituoni, aliyetuona tumekaa na watoto kwenye jua akamwonea huruma mama mkwe. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya vyumba sita: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani bomba, choo na jiko la kuni lisilotumika. Tulichukua upande wote wa kushoto. Fensi hakuna. Masta hakuna. Bahari haionekani, labda upande juu ya paa. Kwa orodha tuliyotoka nayo Iringa, nyumba hii ilifeli kila somo isipokuwa bomba na ngazi.

Kirikuu lenye vyombo vyetu halijazima injini, mama mjumbe alikuwa ameshafika, amewahesabu watoto wote na anataka kujua kama tunapikia gesi au mkaa. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Huyu mdogo anaumwa na nini, mbona mwembamba?" Wakati tunashusha kitanda, huyo mdogo mwembamba akapotea. Mke wangu alipiga kelele moja tu, mtaa mzima ukatoka. Alipatikana nyumba ya tatu, uani, amekaa kwenye mkeka na watoto wengine wanne wanakula wali na maharage kwenye sinia moja, na alikuwa ameshaanza kumwita mwenye sinia bibi. Yule bibi alishangaa tunamtafutia nini. "Si yupo kwao?"

Tangu siku hiyo sina habari kamili za watoto wangu wanakula wapi, ila za makosa yao huwa zinanifikia kabla wao hawajafika. Shule ni ya kutembea kwa miguu, soksi wanavaa wenyewe. Kelele tulizozikimbia Sinza tumezikuta Temeke. Tofauti ni kwamba za Temeke tunaalikwa, na mke wangu ameshashona sare mbili.

Vita iliyobaki ni ya umeme. LUKU ni moja kwa vyumba sita, na hakuna kitu kinachovunja ujirani kama uniti. Kila zikikaribia kuisha, sauti hupita koridoni: "Nani kawasha pasi?" Hakuna aliyewahi kuwasha pasi katika nyumba hii, ingawa wote tunatoka asubuhi tumenyooka. Mwishowe wapangaji walimkabidhi mama mkwe daftari la michango. Analiweka chini ya mto, na anajua kwa sikio friji ya nani inanguruma usiku.

Chumba cha mwisho upande wa kulia kinaachwa wazi mwisho wa mwezi huu. Kinapitisha upepo, dari halivuji, na mwenye nyumba anapokea kodi ya miezi mitatu ukimwomba vizuri. Mwenye familia anayekihitaji aje mwenyewe, amwulize mama mjumbe, asipitie kwa dalali. Ila awahi, kuna mtu anakuja kulipia jioni. Na kama ana pasi, aiseme mapema kwa mama mkwe.