Upanga Kumzidi Mwenyewe

Kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons hakosekani mchezaji asiyetosheka na upanga wa mikono miwili, ratili 6 na madhara ya dadu mbili. Anataka wa jitu. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kilishamjibu: silaha ya jitu hupewa dadu mara tatu, yaani sita, ila mwenye kimo cha kawaida akiishika, kwa kila pigo hurusha dadu ya pande 20 mara mbili na huhesabiwa namba ndogo. Hapo bwana mkubwa hugeuka wakili: ati babu yake alikuwa jitu, ati mpini umechongwa upya. Dadu sita anazitaka, adhabu hapana! Haya, apewe. Wiki ijayo mazimwi nayo yatakuja na marungu ya saizi hiyohiyo.