Chui Wangu na Wasomi Wawili

Nilitundika picha sebuleni nifiche ufa wa ukuta, nikaletewa semina. Picha ni ya chui, mtindo wa Tingatinga, kazi ya fundi mmoja wa hapahapa Mwanga, Kigoma, anayechora vibao vya saluni na maduka ya dawa.

Mpwa wangu, aliyesomea sanaa Dar, akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja. "Mjomba, mwache chui. Tazama ubapa!" Huyu ni muumini wa Clement Greenberg, mhakiki wa Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba uchoraji wa kisasa unajisafisha: ubaki na rangi na ubapa wake, kina wapewe wachonga sanamu. Chui wangu hana kivuli, basi kafaulu. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, sidhani kama alimwomba Greenberg kibali.

Binti wa mdogo wangu akacheka. Yeye ni wa usasaleo, wale ambao hata ukisema kumekucha wanauliza kumekucha kwa nani. "Baba mkubwa, chui huyu kachorewa nani? Wewe ulimwona lini chui Mwanga?" Kwake hakuna picha inayosimama peke yake, nyuma yake yuko mtalii, iko bei, ziko nakala. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wafuasi wake wakaendelea, wakaigana mpaka leo. Sasa chui halisi ni yupi? Hapo niliacha kutafuna, maana swali lile lilinishika. Ila binti hakukomea hapo. Aliendelea mpaka migebuka ikapoa na mawese yakaanza kuganda.

Kinachoniudhi ni kwamba fundi mwenyewe hawamtaki wote wawili. Huko Katanga, ng'ambo ya ziwa, miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, akamhoji kwa Kiswahili picha moja baada ya nyingine, naye akamsimulia historia ya Zaire tangu enzi za mababu. Kumbe kuuliza tu!

Nikawaambia namba ya fundi iko nyuma ya picha, tumpigie. Mpwa akasema hakuna haja, picha inajitosheleza. Binti naye akasema hakuna haja, Roland Barthes alishatangaza tangu 1967 kwamba mwandishi amekufa, na mchoraji ni vilevile.

"Amekufa? Mbona jana nimemwona sokoni, na elfu mbili yangu ya chenji hajanirudishia?"