Kadi Imepatikana

Nilikwenda mnadani kumzuia mume wangu asinunue gari, nikarudi nyumbani na risiti yenye jina langu. Yeye alikuwa amesahau pochi Tabata, kitambulisho na TIN vilivyokuwepo vilikuwa vyangu, na dalali alikwisha kugonga nyundo. Ilikuwa Noah iliyokamatwa na benki kwa deni la mkopo. Milioni 8: asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14. Tangazo lilisema gari linauzwa "kama lilivyo na mahali lilipo". Ukiyasoma gazetini, maneno hayo unayaona mapambo tu. Kumbe nyundo ikishagonga, maradhi yote ya gari ni yako, na dhambi zake pia.

Dhambi tulizijua usiku uleule. Kijana wa jirani aliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za polisi, akanyamaza kidogo, kisha akasoma: makosa 11, kila kosa 30,000. Faini huandikwa kwenye namba ya gari, aliyelikimbiza amekwenda zake.

"Bado tumepata kwa bei ya kutupa," Baba watoto akasema.

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchicha, hakuinua hata uso. "Mwanangu, umenunua gari au umenunua kesi?"

Kadi ya gari ndiyo iliyotutoa jasho. Dalali alisema iko benki. Benki wakasema jalada liko makao makuu, njooni Jumatatu. Jumatatu zilikuwa nyingi. Noah ikakaa chini ya mwembe, watoto wakaifanya daladala ya Gongo la Mboto, kuku mmoja akataga kwenye kiti cha nyuma. Pesa zile zilikuwa za kikoba changu, kwa hiyo kila yai nililoliokota nililihesabia shilingi.

Mwezi wa tatu kadi ikatoka, pamoja na barua ya benki ya kuachia dhamana. Tukapika pilau. Kesho yake mkaguzi akafungua boneti, akaangalia kadi, akaangalia chuma, akaangalia kadi tena. Namba ya injini haikufanana. "Injini hii si iliyoandikwa hapa. Leteni risiti yake, la sivyo hamhamishi kitu." Mwenye risiti, kama bado anayo, ni mtu aliyenyang'anywa gari. Utampigia simu umwambie nini?

Baba watoto akaanza kuipekua Noah, labda karatasi imeangukia mahali. Aling'oa mazulia, akang'oa viti. Jioni akapiga kelele: "Kadi imepatikana!" Ilikuwa ya kliniki. Ya mtoto wa kike. Chanjo ya surua ya miezi 9 alishapata, ya miezi 18 bado. Nyuma kumeandikwa namba ya simu kwa kalamu ya wino.

Mume wangu alitaka tuirudishe kimyakimya zahanati. Mama mkwe akakataa katakata. Kadi ya mtoto haikai kwenye nyumba ya watu, akasema, na simu akapiga mwenyewe.

Walikuja kwa bodaboda, mume na mke, mtoto kapakatwa katikati. Baba watoto, mwanamume mzima, akaenda kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa. Yule bwana alisimama kando ya Noah, akapitisha kiganja juu ya mlango kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa zamani. Hakusema neno. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Chai ikaletwa. Mama mkwe akasubiri kikombe cha pili. "Baba, hii injini uliiweka lini?"

Mgeni akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Mwaka ule ule iliyonifilisi, mama. Nilinunua Gerezani. Risiti ninayo, naitunza kama msiba."

Aliileta kesho yake asubuhi. Nauli tuliyompa aliikataa, mayai aliyachukua.

Tulilipa faini, tukalipa ushuru wa stempu asilimia 1 na ada ya kuhamisha umiliki, namba ya injini ikasahihishwa. Kwa kuwa risiti ya mnada ilikuwa na jina langu, kadi mpya nayo ikatoka kwa jina langu. Iko kabatini, chini ya kanga zangu. Baba watoto akitaka kwenda Kimara, anaomba ufunguo.