Sifa za Bwana Legelege

Injini husifiwa, tairi lina matangazo yake, hata honi ina mashabiki. Bwana Legelege hana mtu. Namzungumzia yule anayekaa nyuma ya pikapu, kwenye mkono wa chuma unaobeba goroli ya kuvutia tela, pale chuma kinapotakiwa kushikana na chuma lakini kimeanza kuachiana nafasi. Madereva wanamlaani, abiria wanamwita kelele. Leo namvika shada.

Tazama kwanza adabu yake. Tairi hupasuka bila kuaga. Bwana Legelege hubisha hodi. Ukiondoa gari, ko! Ukishika breki, ko! Ukiwa na tela la boti au la jenereta kwenye matuta ya barabara ya Morogoro, hubisha mfululizo, na asipofunguliwa hanuni. Atabisha tena kesho, kwa nguvu zaidi.

Pili, ni msomi wa vipimo. Bila yeye nani angehangaika kujua kwamba goroli ya Ulaya ina kipenyo cha milimita 50, na ya Kimarekani ya inchi 2 ina milimita 50.8? Kwa macho ni mapacha. Tela lenye kikombe cha Kimarekani, kile kinachofunika goroli, likifungwa kwenye goroli ya milimita 50, kwenye hiyo tofauti ya sehemu nane za kumi za milimita anahamia yeye siku hiyohiyo, bila kodi wala mkataba. Yupo na mdogo wao, wa inchi 1 na 7/8, takriban milimita 47.6. Huyo ndani ya kikombe cha inchi 2 humpa bwana wetu chumba na sebule, na tela likiruka shimoni kikombe kinaweza kuchomoka kabisa. Mara nyingi ukubwa umepigwa chapa juu ya goroli na kwenye kikombe, ila maandishi hayapigi kelele.

Halafu ana nyumba nyingi. Ya kwanza ni bomba la mraba lililofungwa chini ya gari, ambamo mkono wa goroli huchomekwa na kuzuiwa kwa pini. Hapo ana haki ya kukaa, maana bila upenyo mdogo mkono usingeingia wala kutoka. Ondoa tela, utikise mkono huo. Ukicheza kidogo tu, mwache mzee apumzike. Kisha chomoa pini uitazame pamoja na matundu yake. Tundu lililokuwa duara likiwa limegeuka yai, au pini imelika kiuno, ujue amevunja ukuta apanue sebule.

Nyumba ya pili ni chini ya goroli, kwenye nati. Huko huacha saini: vumbi jekundu la kutu kuzunguka washa, na chuma kinachong'aa pale palipokuwa na rangi. Goroli ikizunguka kwa mkono haihitaji daktari bingwa. Inahitaji spana kubwa na kipimo cha kukaza alichoandika mtengenezaji, si misuli ya kijana aliye karibu.

Nyumba ya tatu ni ndani ya kikombe chenyewe. Funga tela, bana kufuli, kisha pandisha ulimi wa tela kwa jeki yake. Mkia wa gari ukinyanyuka pamoja nao, kufuli limeshika. Kikombe kikipanda kwanza huku goroli imebaki chini, umemkuta nyumbani. (Na ukitaka kumsikiliza wakati mwenzako anasogeza gari mbele na nyuma, simama pembeni, kamwe si kati ya gari na tela. Sifa zangu zina mpaka.)

Wapo wasio na shukrani. Hukata kipande cha mpira wa tairi, wakakisokomeza kwenye upenyo, kelele ikaisha. Tundu linaendelea kulika, sasa kimyakimya. Wengine humwita fundi wa kuchomelea aunganishe mkono na bomba moja kwa moja. Moto ule hudhoofisha chuma kinachozunguka mshono, na siku kitakapopasuka hakutakuwa na wa kubisha hodi. Mimi kati ya kiungo kinacholalamika na kilichozibwa mdomo, naingia barabarani na kinacholalamika, nikielekea kwa fundi.

Utajiri wake wote, baada ya miaka ya kazi, ni milimita moja. Pima goroli kwa kalipa, hasa mbele na nyuma, kwa kuwa huko ndiko anakochuma zaidi tela linapovuta na kusukuma. Ile ya milimita 50 ikisoma 49 mahali popote, haijazwi kwa kuchomelea wala haiokolewi na grisi. Hununuliwa nyingine.